AC ni yako ila ukuta ni wetu: tulivyobadilisha boila na AC za zamani kwenye fleti zetu hapa Moshi

Watu wakisikia mmebadilisha mitambo ya maji moto na AC za jengo zima, swali la kwanza mmenunua za kampuni gani, la pili bei. Sijawahi kuulizwa mlipima nini kabla hamjanunua, na mimi naona hicho ndo kiini cha jambo lenyewe, kwa sababu ukifunga mashine mpya kwenye jengo ambalo hujui umeme wake unaishia wapi utapata mashine mpya na bili ileile. Mimi ni katibu wa kamati ya wamiliki hapa kwetu, nimekaa na haya mambo tangu mwanzo hadi sasa hivi, na nayaandika kwa urefu maana najua Moshi na Arusha kuna majengo kibao ya umri wa hili letu na mitambo yake inazeeka kwa pamoja.

Tuko mtaa wa Shanty Town, fleti 12, ngazi mbili, chini na ghorofa mbili juu yake. Wakati jengo linajengwa waliweka boila moja ya umeme kwenye chumba cha mashine kule nyuma, tangi la lita 1,000 lenye elementi tatu, vile vyuma vya kupasha maji, za kilowati 6 kila moja, na pampu inayozungusha maji moto kwenye mabomba usiku na mchana ili mtu akifungua bomba popote maji yaje ya moto palepale. AC nazo zilikuja na jengo, mbili kila fleti, zote za gesi ya kupozea ya zamani inayoitwa R-22. Umeme wa boila na pampu uko kwenye mita ya pamoja na bili ilikuwa inagawanywa sawasawa kwa fleti zote.

Sasa hiyo ya kugawa sawasawa ndo ilikuwa inatuvunjia undugu. Kuna bibi anakaa chini peke yake, anaoga jioni basi, analipa sawa na familia ya watu saba ya juu kabisa. Kila mwisho wa mwezi grupu la WhatsApp linachafuka, huyu anasema wale wa ngazi ya pili wanafulia maji moto, yule anasema kuna mtu anaacha bomba wazi usiku, watu wakaanza kupishana kwenye ngazi bila salamu, na hapa kwetu mtu kumpita mwenzie bila salamu si jambo dogo. Kumbe mwizi hakuwa jirani.

Tulichofanya ni kitu ambacho jengo lolote linaweza kufanya bila fundi na bila hela. Tukasoma mita ya pamoja saa nne usiku watu wakiwa wameshaoga, tukaisoma tena saa kumi alfajiri kabla mtu hajaamka, tukatoa umeme wa taa za nje kwenye hesabu. Zilikuwa zimeenda uniti 12. Saa sita, hakuna aliyefungua bomba, uniti 12. Uniti tuiweke shilingi 350, maana kwa sisi wa matumizi ya kawaida ukijumlisha na makato yake inazunguka hapohapo, hiyo ni shilingi 4,200 kwa usiku. Na mchana mabomba hayapumziki, kwa hiyo siku nzima ni uniti 48, karibu shilingi 17,000, kwa mwezi nusu milioni. Kila fleti ilikuwa inatoa kama elfu 42 kila mwezi kupasha joto kuta tu, kabla hata hujahesabu maji aliyoyaoga mtu.

Ili uone ukubwa wake, ndoo ya lita 20 kutoka baridi ya kawaida ya nyuzi 20 hadi nyuzi 40 za kuogea inataka nusu uniti kasoro kidogo, kama shilingi 160. Kwa hiyo umeme uliokuwa unapotelea kwenye mabomba kwa siku moja ungepasha ndoo zaidi ya 100. Nilipoituma hiyo hesabu kwenye grupu palikuwa kimya kwa muda, halafu mzee mmoja mwalimu mstaafu akaandika "basi tumegombana bure, tuombane msamaha", na kweli siku zile salamu zikarudi.

Sababu ilikuwa iko wazi ukienda kutazama. Mabomba ni ya chuma, yanazunguka nyuma ya jengo zima yakiwa nje, na ile sponji ya kuzuia joto iliyofungwa zamani imeliwa na jua ikabaki vipande vipande. Ukishika bomba saa tisa usiku unaondoa mkono. Joto lote hilo linaenda hewani, pampu inarudisha maji yaliyopoa, elementi zinawaka tena, mzunguko hauishi.

Halafu tukafungua boila yenyewe. Naomba hapa nikae kidogo maana hili ndo lililonitisha kuliko bili. Ndani ya tangi la chuma la maji moto huwa kuna fimbo ya magnesiamu, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi, ndo maana inatakiwa ikaguliwe na kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Yetu fundi alipoitoa ilikuwa imebaki waya mwembamba wa katikati tu, magnesiamu yote imeisha, manake kutu ilishahamia kwenye tangi lenyewe. Akafungua chini likatoka tope zito la kahawia ndoo na ndoo, na ndo ikaeleweka kwanini asubuhi maji ya kwanza yanatoka na rangi. Elementi moja imekatika, nyingine imevaa ganda gumu. Lakini la kutisha zaidi ni sefti valvu, ile yenye kimkono kidogo juu ambayo presha ikizidi inafunguka yenyewe. Akavuta kimkono, hakikusogea. Akavuta kwa koleo, wapi. Akaniangalia akasema, "Mama, hii ikishaganda hivi omba tu themostati isife." Maana themostati, ile inayozima elementi maji yakifika joto lake, ikigoma elementi zinaendelea kuwaka, maji yanazidi kuchemka kwenye tangi lililofungwa, na presha njia yake ya kutoka ni moja tu ndo hiyo imeganda. Na nyuma ya ule ukuta ndo watoto wanachezea mpira. Jioni ileile tukazima boila na haikuwashwa tena, watu wakachemsha maji kwenye gesi, kulikuwa na manung'uniko lakini sikujali na mwenyekiti naye alisimama na mimi.

Kama una hita ya tangi kwako, hata ile ndogo ya lita 50 juu ya dari ya bafu, fanya hivi wiki hii: muite fundi akuangalizie ile valvu kama inafunguka, na akuangalizie athi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme ukivuja. Si kazi ya siku nzima.

Baada ya hapo ikaja hoja ambayo najua itakuja kwenye kila jengo, kwamba hii ya pamoja ife, kila mtu aweke shawa yake ya umeme ya kupasha maji yanapopita, amalizane na LUKU yake, mita yake ya kununua umeme kabla. Kwa mtu mmoja mmoja hoja haina ubaya. Shawa ya kilowati 5 ukioga dakika kumi inakula kama uniti 0.8, shilingi 290, hakuna tangi la kupoa wala mabomba ya kupotezea joto. Shida ni saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wanajiandaa na shule, wazazi wanawahi kazini, shawa 12 zikiwashwa kwa mpigo ni kilowati 60, kwenye fezi tatu hiyo ni karibu ampea 90 kila fezi kwa shawa peke yake, bado birika, bado pasi, bado friji. Laini yetu ya kuingia haikuwekwa kwa mzigo huo, na waya za zamani za bafuni nyingi ni za milimita 2.5 wakati shawa kama hiyo inataka angalau milimita 4 na breka yake peke yake na RCCB ya kukata umeme ukivuja. Kwa hiyo ile bei ya shawa ya dukani si bei ya shawa, ukiongeza waya, breka, athi na kuomba kuongezewa uwezo wa laini unakuta umetumia hela nyingi na bado unanunua uniti kwa kila tone la maji moto, kwenye mji wenye jua kama huu.

Hapo ndo wengi tukakubaliana na sola ya maji moto, ile ya mirija ya kioo na tangi lake juu, na boila ikaondoka kabisa. Ila sola nayo ina mambo yake na nimeona majengo mengi imepachikwa tu kama dishi. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 3 na kidogo. Miezi ya baridi, Juni na Julai, jua linapita upande wa kaskazini, na hiyo ndo miezi unayoyataka maji moto kwa nguvu. Kwa hiyo mirija lazima itazame kaskazini, na kwa sisi wa Moshi hakuna haja ya dira: ukisimama juu ya paa uso wako ukitazama Kibo, huko ndo mirija itazame. Halafu iinamishwe vya kutosha, isilazwe kabisa, kwa sababu maji yanapanda yenyewe kuingia kwenye tangi yakipata moto na yakikosa mwinuko hayapandi vizuri, na mvua ikinyesha vumbi halioshwi.

Uzito pia. Tangi la lita 200 maji peke yake ni kilo 200, bado chuma cha kulishikilia, na kwa fleti 12 ukipanga tangi kila fleti juu ya kenchi za mbao zenye bati unatafuta msiba. Tulimlipa injinia wa majengo aje aangalie, wengine walilalamika kwanini tumlipe mtu wa kuangalia tu, lakini ndo aliyetuambia sehemu pekee zinazobeba ni slabu mbili za zege juu ya ngazi. Kwa hiyo tukagawa: kila ngazi na sola zake juu ya slabu yake, simtanki la maji baridi likiwa limeinuliwa juu zaidi ili presha ije, na bomba la kushukia moja fupi la plastiki ya PPR likipita katikati ya fleti sita, limevishwa sponji mpya kutoka juu mpaka chini. Mzunguko ule mrefu wa nyuma ya jengo ukakatwa wote. Pampu ndogo ya kuzungusha ipo ila iko kwenye taima, inafanya kazi alfajiri na jioni, usiku wa manane na mchana imelala.

Fundi wa kwanza tuliyempata alitaka kuweka bomba nene kuelekea kila fleti "ili maji yawe mengi". Hapana. Bomba la kwenda bafuni likiwa nene linabaki na maji mengi ndani yakapoa, ukifungua asubuhi unayamwaga yote ndo ya moto yafike. Jembamba la kutosha presha linatosha, na maji tunayalipia jamani, hayaji bure.

Masika na ile miezi ya mawingu mazito ya Juni na Julai, wakati mlima hauonekani wiki nzima, sola peke yake haitoshi na asikudanganye muuzaji. Kila tangi lina elementi ya akiba nayo iko kwenye taima, inawashwa alfajiri siku za mawingu tu. Kuna kingine ambacho wauzaji hawakisemi: maji yakikaa ya vuguvugu muda mrefu, kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, wanazaliana humo bakteria wanaitwa Legionella, ukivuta mvuke wake kwenye shawa unaweza kupata nimonia, na wazee ndo wanaumia zaidi. Kwa hiyo mara moja kwa wiki tunahakikisha tangi limefika nyuzi 60, kama jua halijafikisha elementi inamalizia. Na kinyume chake, mwezi wa pili jua linaweza kupeleka maji kwenye nyuzi 70, mtoto akifungua anaungua, ndo maana tukaweka valvu ya kuchanganya inayoongeza maji baridi kabla hayajashuka kwenye fleti.

Kila fleti sasa ina mita yake ndogo ya maji moto. Bibi analipa ya kwake.

Haya, tuje kwenye AC, na hapa ndo palipokuwa na mvutano mkubwa kwa sababu AC mtu anaiona ni mali yake ndani ya nyumba yake, kamati inaingiaje. Nilikuwa nawapeleka watu mmoja mmoja nyuma ya jengo waangalie juu. Autidoo, zile mashine za AC zinazokaa nje, zimepachikwa popote fundi alipofika kwa ngazi yake. Ya fleti ya chini inapuliza hewa ya moto moja kwa moja kwenye ile ya juu yake, kwa hiyo ya juu inajaribu kupoza chumba ikiwa inavuta hewa iliyokwisha kupashwa, inanguruma mchana kutwa haifiki popote. Nyingine imewekwa mbele ya dirisha la chumba cha bibi. Na mabomba ya kutoa maji, loo, yamening'inia tu, maji yanadondokea kwenye baraza la wa chini, ukuta umeota ukungu wa kijani mistari mistari toka juu hadi msingi, rangi imebanduka, plasta ukiigusa inamomonyoka. Huo ukuta wa nani? Ile sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inatambua kwamba kuna sehemu yako na kuna sehemu za pamoja, na za pamoja zinasimamiwa na umoja wa wamiliki. AC ni yako ila ukuta ni wetu, laini ya umeme ni yetu, na kelele anasikia jirani.

Na kuna hii habari ya gesi, ambayo naomba kila mwenye AC ya zamani aisome mara mbili. Gesi ya AC haiishi kama ya mtungi wa kupikia. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, kiwango kilekile, mpaka mashine ife. Fundi akikuambia kila Januari "gesi imepungua tuongeze", anachokuambia kwa kweli ni kwamba inavuja, na akiongeza bila kutafuta inapovujia anakuuzia gesi ya kwenda hewani. Kwetu kuna fleti zilikuwa zinaongezewa kila msimu wa joto na mwenye nyumba anaona ni sevisi ya kawaida.

R-22 ina klorini na inakula tabaka la ozoni, ndo maana ikaingizwa kwenye Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Nchi zinazoendelea kama yetu zilipewa muda mrefu kidogo: kusimamisha ongezeko 2013, kupunguza asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, asilimia 67.5 mwaka 2025, na kufikia 2030 iwe imeondoka isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizobaki. Manake ni kwamba gesi hii itaendelea kuwa adimu na bei kupanda, na mtu akikuuzia AC ya mtumba ya R-22 leo kwa bei ya kutupa anakupa mzigo. Tena kilo moja ya R-22 ikiachiwa hewani inaongeza joto la dunia sawa na kilo 1,810 za kaboni dioksaidi. Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tunaona kila mwaka barafu inavyobaki kidogo pale juu, sisemi AC zetu ndo zimeyeyusha, nasema hatuna pa kujificha tukiulizwa.

Ndo maana nilikaa pale siku AC zinashushwa. Kijana mmoja alishashika plaizi akate bomba la shaba gesi itoke tu "fyuuu" ili wawahi. Nikamwambia mangi, subiri. Tulishakubaliana na fundi mkuu, ambaye amesomea friji na AC chuo cha ufundi cha VETA, kwamba gesi itavutwa kwa mashine maalumu na kuingizwa kwenye mtungi wake, na hiyo kazi tuliilipia peke yake kwenye mkataba. Inachelewesha, kila AC ina kama kilo moja au pungufu na inachukua muda, lakini inawezekana na haikutufilisi.

Mwingine alitaka kubakiza mabomba ya zamani na kujaza R-410A, gesi nyingine ya AC, kwenye mashine za R-22. Haiwezekani. R-410A inafanya kazi kwa presha kubwa zaidi, karibu asilimia 60 juu, na oili ya kompresa si ileile. Wengine wanajaza gesi ya propani kwenye mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo, gesi inayowaka, ndani ya chumba cha kulala. Tafadhali msikubali. Mpya tulizochukua ni inveta, AC zinazopunguza na kuongeza nguvu zenyewe badala ya kuzima na kuwaka, za gesi ya R-32, ambayo haigusi ozoni na kwenye joto la dunia ni 675 badala ya ile 1,810, nayo inaweza kushika moto kidogo kwa hiyo fundi lazima awe anaijua. Kabla ya kuachia gesi mabomba yajaribiwe kwa naitrojeni kama yanavuja, halafu yapigwe vakyumu kwa pampu, si kwa kuachia gesi kidogo isukume hewa nje. Mafundi wa haraka wote wanaruka hapo, na hapo ndo unapotoka uvujaji wa mwaka kesho.

Ukubwa je? Watu wanapenda namba kubwa. Chumba cha kulala cha mita za mraba 12 hakihitaji AC ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), 9,000 inatosha kama jua halikipigi sana. Tukachora ramani ya ukuta wa nyuma, kila fleti na sehemu yake ya autidoo, hazipulizani, na maji yote yanaingia kwenye bomba moja linaloshuka hadi kwenye migomba.

Kikwazo kikubwa hakikuwa ufundi, kilikuwa wenye fleti wanaokaa Dar. Fleti yuko mpangaji, LUKU analipa mpangaji, mwenye nyumba yeye AC ya zamani inamgharimu sifuri. Ukimwambia atoe hela ya inveta anauliza mimi napata nini. Hoja ya umeme haimgusi kabisa kwa hiyo tuliacha kumpigia hiyo, tukamtumia picha za ukuta na makadirio ya kupiga plasta upya, na ukweli kwamba wapangaji wazuri siku hizi wanauliza maji moto na AC kabla ya kuuliza kodi. Hapo wengi wakaelewa. Malipo tuliyapanga kwa awamu kwenye sevisi chaji, na kila risiti ilipigwa picha ikawekwa kwenye grupu, hata ya misumari.

Sasa niseme jambo ambalo wauza AC hawatalipenda: hapa Moshi AC unaihitaji kweli Januari mpaka Machi, tena mchana na mwanzo wa usiku. Pangaboi linakula wati kama 70, shilingi 25 kwa saa. AC ya zamani ya BTU 12,000 inakula kama kilowati 1.2, zaidi ya shilingi 400 kwa saa. Usiku wa manane upepo wa mlimani unashuka, dirisha lenye nyavu nzuri ya mbu na pangaboi juu linatosha miezi mingi. Ndo maana fleti kadhaa ziliamua kubaki na AC moja badala ya mbili na kuweka pangaboi na nyavu, na kamati tulifurahi.

Miezi ya baridi nayo isisahaulike. Inveta zinazoweza kugeuza mzunguko wake zinatoa joto pia, kwa uniti moja ya umeme unapata joto la kama uniti tatu, wakati hita ya waya mwekundu ya kilowati 2 inakupa mbili kwa mbili na inakula shilingi 700 kwa saa. Hili nimelisimamia sana kwa ajili ya wazee, kwa sababu kila Julai huku kwetu kuna watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haionekani, haina harufu na inaua watu usingizini. Kama una mzazi Machame au Marangu au popote huko juu kunakoganda, mnunulie blanketi la pili, mfungie chupa ya maji moto, lakini jiko la mkaa lisilale ndani.

Kilichobaki ni ghorofa ya juu. Bati liko moja kwa moja juu ya jipsamu bila kitu chochote katikati, saa nane mchana mwezi wa pili ukinyoosha mkono karibu na dari unahisi joto linashuka, na hata inveta mpya inapigana na bati. Mafundi dari wameshapima, wataweka glasi wuli, sufi ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto, juu ya jipsamu na matundu ya hewa kwenye pembe za paa, na tunataka iwe imekwisha kabla ya Januari. Fleti mbili bado hazijalipa awamu ya mwisho, wenyewe tumewatumia hesabu tena juzi na mmoja ameshajibu.